Utusafishie Mbili Kubwa

Sauti anayoikumbuka ni ya kitambaa. Kitambaa kilicholowa maji kikisugua kitu laini, mara mbili, kikanyamaza, kikasugua tena. Alikuwa amesimama nyuma ya pazia la chumba kidogo kilicho kando ya chumba cha upasuaji, mahali watoto wanapopelekwa wakishatolewa tumboni, na aliruhusiwa kusimama pale kwa sababu tu alikuwa mfanyakazi wa hospitali hiyohiyo. Hakuona kitu. Alisikia. Na kwa kuwa alikuwa amefua mashuka ya hospitali ile kwa miaka ishirini na sita, aliitambua sauti kabla ya kutambua lingine lolote: ilikuwa sauti ya mtu anayetoa doa, na doa halitoki.

Nusura amwambie muuguzi kwamba damu haisuguliwi. Damu hulowekwa kwenye maji baridi ikaachwa, nawe ukaenda kufanya mengine. Lakini sauti ikakoma yenyewe, muuguzi akachungulia nje ya pazia na kusema, kwa uchangamfu uliozidi kipimo, kwamba Bi Povu amepata mjukuu wa kike, kilo tatu kasoro kidogo, mzima wa afya.

Haikuwa damu. Ilikuwa alama ya kuzaliwa, ya rangi ya zambarau, iliyoanzia kwenye nyusi ya kulia ikashuka shavuni hadi tayani, kingo zake zimejipinda kama maji yaliyomwagika sakafuni yakakosa pa kwenda. Daktari alikuja siku ya pili akaeleza taratibu. Mishipa midogo ya damu imejikusanya chini ya ngozi. Haimuumi, haiambukizi, wala haikuletwa na kitu alichokula mama au alichokitazama. Jicho litaangaliwa kila baada ya miezi michache. Akikua, wakipenda, kuna tiba ya kuififisha. Binti yake Bi Povu alisikiliza akiwa amelala kwa ubavu, macho kwenye dirisha, na daktari alipouliza kama ana swali, alijibu hana.

Jina la Bi Povu alipewa kazini. Wiki yake ya kwanza chumba cha kufulia alimimina sabuni ya mashine kwa kukadiria na macho, povu likatoka chini ya mlango, likatembea ukumbi mzima, likamkuta mganga mkuu amesimama na wageni wake. Inasemekana wageni walidhani ni utaratibu mpya wa usafi, wakausifu. Tangu siku ile hakumimina tena kitu bila kupima, lakini jina halikutoka. Kwa madoa alikuwa fundi wa mafundi. Ungemwonyesha shuka angekwambia hili la chai, hili la dawa ya kidonda, hili daktari alisahau kalamu mfukoni. La wino lilitaka spiriti, la kutu lilitaka ndimu na jua, na yako mengine yaliyotaka uvumilivu tu. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwenye viungo, ngozi imepasukapasuka kwa dawa ya kung'arishia. Magoti yalikuwa yameanza kudai kustaafu, na kustaafu kwenyewe kulikuwa kumebaki miaka mitatu.

Alichukua likizo yake yote ya mwaka akahamia kwa binti yake, vyumba viwili ghorofa ya tatu. Mkwe wake alikuwa fundi wa lifti, na jengo lao halikuwa na lifti. Majirani waliuchoka utani huo zamani, yeye hakuchoka. Kila alipomkuta mama mkwe amesimama kwenye ngazi, mkono mmoja ukutani, anahema, alimwambia, "Subiri hapohapo mama, nabonyeza kitufe." Bi Povu alikuwa anacheka kwa pua tu, maana pumzi ya kucheka kwa kinywa ilikuwa haipo.

Kilichomtia hofu hakikuwa alama. Ndivyo alivyojiambia. Kilichomtia hofu ni binti yake. Katika miaka ile yote aliwahi kukusanya mashuka chini ya akina mama waliogeukia ukuta, waliojifungua watoto wazima wakakataa kuwatazama, na aliijua ile mikono inayompokea mtoto kama inavyopokea kifurushi cha mtu mwingine. Sasa alikuwa anamchunguza wa kwake. Binti alilala ubavu wa kushoto, mchana kutwa. Alimnyonyesha mtoto akiwa amelala hivyo, shavu la kulia la mtoto limezama kwenye godoro, shavu safi ndilo linalotazamana na mama. Siku ya tatu ikawa hivyo, na ya tano, na ya saba. Titi la kushoto lilibaki na kazi, la kulia likakamuliwa kwa mkono. Mara nyingine machozi yalimshuka kimya mpaka kwenye mto, naye Bi Povu akijifanya anatafuta nepi.

Hakuuliza. Maswali ya namna hiyo mtu haulizi akiwa ameshika beseni. Alichofanya ni kupunguza makali. Alimvalisha mtoto kofia ya pamba iliyoshuka kidogo upande mmoja, akamfunga shali juu ya taya, na alipomkabidhi kwa mama yake alimkabidhi kwa namna ambayo kisingeonekana cha kuumiza. Asubuhi alimwogesha yeye mwenyewe, na kwa shavu lile alipita haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye mgonjwa.

Siku ya nane, mchana, binti alisema jambo lililomshangaza. Alitaka mtoto apigwe picha za maana. Si za simu. Alikuwa ameona kwamba watoto wakipita wiki mbili hawajikunji tena walivyokuwa tumboni, usingizi wao unakuwa mwepesi, na yeye alitaka zipigwe kabla hajanyooka. Mume wake akasema kuna wapiga picha kila kona, achague yeyote. Binti akatikisa kichwa kwenye mto. Achague mama, alisema. Mama ana jicho.

Bi Povu alilichukua neno hilo akaenda nalo jikoni, akasimama nalo mbele ya sinki. Aliona jinsi itakavyokuwa. Picha kubwa, ukutani, mkabala na kitanda. Picha haimtazami mtu ikamhukumu. Binti angeweza kuitazama akiwa peke yake, kidogo leo, kidogo kesho, macho yakazoea kwenye karatasi kabla ya kuzoea kwenye ngozi. Lakini ilibidi iwe picha ya uso ule wenyewe, na alama yake yote. Akimpata mpiga picha wa kumpiga mtoto alivyo, atakuwa amempata binti yake. Asipompata, hakujua itakuwaje, ila aliyajua yale mashuka.

Wa kwanza alikuwa na studio yenye kibao kikubwa na joto la kutosha kuivisha mkate. Vikapu, mabawa ya manyoya, vikofia vya sufi vyenye masikio ya sungura. Mwenyewe alikuwa mwanamume mnene mwenye kicheko cha karibu, aliyemwita kila mtu mrembo, pamoja na mama aliyekuja kusoma mita ya umeme. Bi Povu aliomba kuona mikono yake, akaonyeshwa. Kisha akaomba kuona vitambaa wanavyolazwa watoto. Alikichukua kimoja, akakinusa, akakisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akakinusa tena.

"Hiki kimesuuzwa mara moja," alisema.

Mpiga picha hakuelewa. Akamweleza kwamba sabuni imebaki ndani ya nyuzi, na ngozi ya mtoto wa siku tisa itawaka moto. Yule bwana akacheka, akasema ana miaka minane katika kazi hii na hakuna mtoto aliyewahi kulalamika.

"Hawajaanza kusema," Bi Povu akamjibu, akakirudisha kitambaa kikiwa kimekunjwa vizuri kuliko alivyokikuta.

Wa pili alikuwa mpiga picha wa harusi, mpole, chumba chake kimepakwa rangi nyeusi kuta zote. Alimkalisha mbele ya kompyuta akamwonyesha watoto, mmoja baada ya mwingine, ngozi zao zote za aina moja, laini na tupu kama sahani zilizotoka kuoshwa. Bi Povu alitazama kumi na wawili, akashindwa kukumbuka hata mmoja. Kisha akatoa simu. Alikuwa na picha moja tu inayoonyesha upande wa kulia, aliyoipiga muuguzi. Akamwonyesha. Yule kijana akasogeza uso, akakunja midomo kwa huruma ya kweli, akasema asiwe na wasiwasi, hilo ni la dakika mbili tu, atalitoa lisijulikane hata lilikuwepo.

Bi Povu akasimama. "Mjukuu wangu si shati," alisema.

Alishuka ngazi kwa hasira, na njia nzima alikuwa anairudia sentensi ile, kwa kuwa si kila siku mtu anapata neno likiwa bado na kazi. Jioni alimsimulia mkwe wake. Fundi alilipenda mno. Kesho yake lilikuwa limeshafika kwa mafundi wenzake wote, na ilipofika saa sita mchana mtu ndani ya shimo la lifti alikuwa anamjibu msimamizi kwamba mjukuu wake si shati.

Wa tatu alielekezwa na mpiga pasi wa kazini, mwanamke wanayekunja naye mashuka, kila mmoja na pembe zake mbili, kwa miaka kumi na moja. Kuna msichana mmoja, alisema, anapiga watoto nyumbani kwao, hana taa wala mabawa, anatumia dirisha. Msichana huyo alikuja kwanza kuona chumba. Alipanda ghorofa tatu bila kulalamika, akauliza jua linaingia saa ngapi, akalala sakafuni kuangalia dirisha kwa chini, akainuka na vumbi mgongoni. Halafu akaomba maji. Alinawa mpaka kwenye viwiko, kama watu wa chumba cha upasuaji, kucha fupi, katikati ya vidole, nyuma ya viganja, kisha akaipunga mikono ikakauka yenyewe, asiguse taulo la mtu. Bi Povu alikuwa amesimama pembeni. Uamuzi ulifanyika palepale kwenye bomba.

Msichana alimtazama mtoto kwa muda. "Ana nyusi za mtu mzima," alisema, basi. Kuhusu alama hakusema kitu, na Bi Povu hakumuuliza kitu. Mtu mwenye mikono ya namna ile, alijiambia, haulizwi.

Wakamwalika siku ya kumi na mbili, asubuhi. Chumba kilikuwa kimefungwa madirisha tangu alfajiri kipate joto. Mpiga picha alikuwa ameweka simu yake kando ikitoa sauti ya maji yanayochuruzika, na mtoto, aliyekuwa ametoka kunyonya, alilala usingizi mzito, magoti tumboni, ngumi chini ya kidevu. Binti alikuwa ameegemea mito, amevaa gauni lenye vifungo, amechana nywele kwa mara ya kwanza tangu hospitali. Bi Povu alikuwa msaidizi. Alishika, aligeuza, alifuta mate. "Anzia upande huu," alimwambia mpiga picha, "huu ndio mzuri." Msichana akaanzia upande huo. Kila alipomzungusha mtoto kuelekea upande wa pili, mkono wa Bi Povu ulikuja kuweka sawa kofia. Ulikuwa unakuja wenyewe, kama unavyokwenda kunyoosha kona ya shuka.

Mwishoni msichana akaomba kofia itolewe, apige moja tu ya uso mzima. Mtoto alilala chali, mwanga wa dirisha ukamwangukia sawasawa. Kamera ikalia mara tatu. Akawaonyesha kwenye kioo kidogo cha nyuma: macho yamefumba, mdomo umebinuka kwa kununa, na alama ile yote, kuanzia nyusi hadi taya, zambarau yake imetulia. Binti aliichukua kamera kwa mikono miwili.

"Hiyo," alisema.

Bi Povu alihisi kitu kikilegea mgongoni, chini kabisa, mahali palipokuwa pamekazwa siku kumi na mbili. Alimsindikiza msichana hadi mlangoni. Akamwambia hiyohiyo, picha hiyo aliyoipenda mama mtoto. "Utusafishie mbili kubwa," alisema.

Msichana alikuwa ameshaweka mkoba begani. Akasimama. "Niisafishe, mama?"

"Isafishe vizuri. Moja ya ukutani, moja ya bibi yake."

Msichana alionekana kama ana neno, akalimeza, akaitikia, akashuka.

Picha zililetwa siku ya kumi na sita, mchana. Fundi alikutana na mpiga picha mlangoni chini akaipokea bahasha, akapanda nayo ameishika kwa vidole viwili kama sahani ya moto. Waliifungulia kitandani, wote watatu, mtoto amelala katikati. Karatasi ilikuwa nene, ya kupendeza, yenye ukingo mweupe. Mdomo ulikuwa umebinuka vilevile. Ngumi ilikuwa mahali pake. Na mashavu yote mawili yalikuwa rangi moja, chai ya maziwa, laini, bila kitu.

"Mbona wametuletea wa jirani?" Fundi akasema. Hakuna aliyecheka, naye akaona aibu.

Binti aliishika picha kwa mbali, akaisogeza karibu, akaomba pazia lifunguliwe. Bi Povu aliutazama uso wa binti yake ukiitazama picha, akaona kazi yake yote ikimwagika, ngazi zile zote, na simu ikawa mkononi mwake kabla hajajua ameichukua. Aliiweka sauti ya wazi, kama kawaida yake, maana mashine zilikuwa zimemla masikio na bila hivyo simu haisikii vizuri.

"Shikamoo mama," sauti ya msichana ikasema. "Zimefika?"

"Umemfanya nini mtoto wangu?"

"Mama?"

"Alama yake iko wapi?"

"Uliniambia niisafishe, mama."

"Nilikwambia uisafishe. Sikukwambia uifute."

"Mama, kwetu sisi kusafisha picha ndiko huko. Kutoa chunusi, kutoa kovu, kutoa weusi chini ya macho. Ile ya kuweka kwenye karatasi tunasema kuprinti."

Bi Povu kuprinti alikuwa amelisikia, kwa karatasi za ofisini. Lakini picha, tangu akiwa msichana, zilikuwa zinasafishwa. Ulipeleka filamu dukani, ukapewa kikaratasi, ukaambiwa zitasafishwa Alhamisi. Picha zake za harusi zilikaa wiki tatu kusafishwa, mpaka mama yake akadhani zimeungua. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba neno limehama. Nyuma yake Fundi alianza kukohoa kikohozi ambacho si cha kifua, binti akamtupia jicho, kikapona.

Hasira ilikuwa imeshika njia, na hasira iliyoshika njia hairudi kwa sababu ya msamiati. Alimwambia msichana kwamba hata kama ni neno, akili je? Mtu ameona mtoto ana alama, ameona mama yake ameichagua picha yenyewe, akili yake haikumwambia kitu?

"Iliniambia, mama." Sauti ya msichana ilikuwa imeshuka. "Ndiyo maana nilikuuliza mara ya pili pale mlangoni. Halafu nikaikumbuka kofia."

"Kofia gani?"

"Kila nikimgeuza ulikuwa unaivuta chini. Ukasema upande ule ndio mzuri. Nikajua basi, nyumbani hawapendi ionekane. Mimi sipendi kufanya kazi hiyo, mama. Nilikaa nayo siku mbili ili isionekane imefanywa."

Kitandani mtoto alipumua kwa pua ndogo iliyoziba kidogo. Msichana akasema anayo ile mbichi, haijaguswa, ataiprinti kesho azilete upya na anaomba radhi sana. Bi Povu akasema haya. Akasema haya tena. Akakata simu, na kidole kikabaki juu ya kioo kikibonyeza mahali pasipo na kitu.

"Mama, kaa," binti akasema.

Hakukaa. Alianza kujieleza akiwa amesimama, haraka haraka, kama mtu aliyekutwa kwenye chumba kisicho chake. Alizunguka kwa wapiga picha watatu na magoti haya. Yule wa kompyuta alitaka kuifuta dakika mbili, akamwambia mjukuu wake si shati.

"Najua. Mume wangu amelisimulia jengo zima." Binti hakutabasamu. Alikuwa amechoka, na uchovu ulikuwa umemtoa ule upole wa mgonjwa. "Mimi nilidhani wewe ndiye huwezi kumtazama."

"Mimi?"

"Siku kumi na sita, mama. Unampitisha mikononi mwangu amefunikwa kama amekosa. Ukienda kuoga ndipo namvua kofia."

Bi Povu akauliza kwa nini basi analala upande mmoja, kwa nini titi moja, kwa nini machozi. Binti akainua gauni kidogo kwa upande wa kulia, akamwonyesha mwisho wa mshono, mahali palipovimba na kuwa pekundu. Hapo panavuta, alisema. Akijaribu kulalia upande huo ni kama mtu anamfungua zipu. Muuguzi alimwambia jana kwa simu akapaonyeshe kesho. Machozi ni ya hapo, na mengine ni machozi tu, hayana anwani. Kwa nini hakusema? Kwa sababu kila alipotaka kusema, mama yake alikuwa anatafuta nepi.

Kisha akanyoosha mkono akamvua mtoto kofia, mbele yake, mchana kweupe, akaitupa mwishoni mwa kitanda. Yeye alikuwa muuzaji wa rangi, miaka sita nyuma ya kaunta akichanganya makopo kwa watu wanaokuja na kipande cha mto au ua la plastiki wakitaka lifananishwe. Akasema alama hii amejaribu kuifananisha kichwani na kadi zote za dukani. Asubuhi ni moja, akilia ni nyingine, akishanyonya inarudi katikati. Hajaipata. Alilisema hilo kwa namna ya kitaalamu, kama mtu anayezungumzia mteja mgumu anayemheshimu. Kisha sauti yake ikapungua.

"Nimechoka kumtazama kwa kuiba," alisema. "Ni wangu."

Fundi akasema anakwenda kuchemsha maji. Hakuna aliyekuwa ameomba maji. Alikwenda, na mlango wa jikoni ukabaki wazi nusu.

Ndipo Bi Povu akakaa, ukingoni mwa kitanda, taratibu, goti moja baada ya jingine. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba na aliuhisi wote kwa wakati mmoja. Alitaka kusema kwamba alikuwa anamwonea huruma binti yake, na hilo lilikuwa kweli, lakini alijua sasa kwamba halikuwa kweli yote. Kwenye ukumbi wa hospitali, siku ile ya kwanza, wenzake wa kazini walipokuja kumwona mtoto, alikuwa amesimama na ubavu wake ukutani, mtoto amegeuziwa kwao upande wa kushoto. Binti alikuwa bado hajazinduka kwenye dawa. Hapakuwa na wa kuonewa huruma pale.

Hakulisema. Binti hakuwa anangoja aseme. Alimwinua mtoto kwa uangalifu, akamgeuza, akamweka kwenye mkono wa mama yake kwa upande ambao hakuwahi kuwekwa, shavu la kulia juu, wazi, likiwa na mistari midogo ya mshono wa shuka. Mtoto akakunja uso, akafikiria kulia, akaghairi.

Bi Povu alipitisha kidole. Kilikuwa kidole kibaya, kimepasuka, hakina tena hisia ya kutosha kujua pamba na sufi bila kusugua mara mbili. Alipitisha kutoka kwenye nyusi hadi tayani, ng'ambo na ng'ambo ya ule ukingo, akitafuta mahali ngozi inapobadilika. Haikubadilika. Kulikuwa na joto lilelile huku na huku, na nywele zilezile ndogo zisizoonekana ila ukiwa karibu sana.

Aliinama, akakaa ameinama muda mrefu, mpaka binti akadhani amesinzia, akamgusa bega. Jikoni birika lilikuwa limeanza kunguruma. Bi Povu aliinua uso kidogo tu, asimwondokee mtoto, na akasema, kwa sauti ambayo Fundi mlangoni hakuipata na binti aliipata kwa shida:

"Hili nilikuwa sijalibusu."